Aluminiamu ya Dirisha Si ya Mataruma: Ukinunua Profaili za Boti, Anza na Namba

Malalamiko yanayoletwa kwenye dawati letu la ukaguzi wa vyombo vidogo vya majini siku hizi yamekuwa ya namna moja. Mtu amenunua profaili za aluminiamu, yaani pau, pembe na bomba zilizokamuliwa kiwandani, fundi ameunda boti, rangi imepigwa, injini imeshalipiwa, halafu mkaguzi anakataa kuipitisha. Mwenye boti anaona ameonewa. Naandika hapa yale ninayoyaeleza ofisini karibu kila wiki, ili anayejiandaa kununua ayasome kabla hajatoa fedha yake.

Boti moja tuliyoikagua ufukweni ilikuwa na urefu wa mita 7. Mataruma yake, yaani mbavu za ndani za boti, yalikuwa bomba za mraba, zile zile za fremu za madirisha na milango ya kusukuma. Kwa mbali kazi ilipendeza. Nilipopitisha ukucha kando ya mshono wa kuchomelea, karibu na tezi, ukucha ukakwama kwenye ufa mwembamba kama unywele. Ufa haukuwa kwenye mshono wenyewe; ulikuwa pembeni yake, kama sentimita moja. Fundi akatoboa bomba upande wa chini, maji ya chumvi yakachuruzika, yamekwisha kuwa ya kijivu. Mwenye chombo akatoa sumaku mfukoni, akaibandika kwenye taruma, ikaanguka.

"Mkaguzi, umeona mwenyewe? Hii ni aluminiamu halisi."

"Ni kweli, mzee wangu. Lakini ni aluminiamu ipi?"

Suala hili la sumaku tumelieleza mara nyingi, na bado watu wanakuja nazo. Sumaku isiposhika, inakuambia tu kwamba hicho si chuma cha kawaida. Haikuambii kuna magnesiamu kiasi gani ndani, haikuambii nguvu, haikuambii kama kitu hicho kitavumilia bahari. Mng'ao nao hausemi kitu, na wala neno "marini" lililoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya kufungia. Hakuna daraja la aluminiamu linaloitwa "marini". Kuna namba, inayotaja mchanganyiko wake.

Bomba za madirisha kwa kawaida ni 6063. Ni aluminiamu nzuri kwa kazi yake: inatoka laini, inapokea rangi vizuri, inakatika kirahisi. Ikiwa katika hali ya T5 (herufi na namba hii hueleza ilivyokazwa kwa joto kiwandani), kiwango cha Ulaya cha EN 755 kinaitaka isianze kujikunja bila kurudi kabla ya kufika megapaskali 130, kipimo cha nguvu ya metali. Profaili ya 6082 katika hali ya T6, ambayo ndiyo wajenzi wengi wa boti huitumia kwa mataruma na mihimili, inatakiwa kufikisha 250 na zaidi. Hapo tayari ni karibu mara mbili. Halafu moto wa kuchomelea unalegeza sehemu iliyo kando ya mshono, na msanifu makini huhesabu kwamba hapo imebaki takriban nusu ya nguvu. Ile bomba ya dirisha ilikuwa dhaifu tangu dukani, kisha ikapunguzwa tena nusu, mahali penyewe ambapo wimbi hupiga kila safari. Ndiyo maana ufa ulikuwa pembeni ya mshono.

Kwa sehemu zinazolala majini muda wote, familia ya 5000 ndiyo ya kutafuta: 5083 au 5086. Kanuni za pamoja za mashirika makubwa ya kimataifa yanayokagua meli zinasema wazi kuwa 6005A na 6061, ndugu za 6063 na 6082, zisigusane moja kwa moja na maji ya bahari bila kulindwa kwa rangi, anodi (vipande vya metali vinavyoliwa na kutu badala ya boti) au vyote viwili. Tatizo ni kwamba 5083 ni ngumu kukamuliwa, kwa hiyo utaipata zaidi kama bamba, flati na pembe, si bomba lenye uwazi ndani. Muuzaji akikuambia ana bomba nyembamba za mraba za 5083 kwa bei ya madirisha, mwombe karatasi.

Karatasi ndiyo kazi yetu ya kila siku, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Cheti tunachokitaka ni cha aina ya 3.1 kwa mujibu wa EN 10204, kiwango cha Ulaya cha vyeti vya bidhaa za metali. Cheti cha 2.2, ambacho wengi wanatuletea, kinasema tu kwamba kiwanda kwa kawaida hutengeneza bidhaa ya sifa hizo. Vipimo vyake si vya mzigo wako. Cha 3.1 kina matokeo ya vipimo vya mkupuo ule ule ulionunua, yaani kundi la bidhaa zilizotengenezwa pamoja, na kimesainiwa na mkaguzi wa kiwanda asiye chini ya idara ya uzalishaji. Angalia mambo haya juu yake: namba ya aluminiamu, hali yake (T6, H112 na kadhalika), namba ya mkupuo, mchanganuo wa kemikali, na matokeo ya kuvutwa. Kisha nenda kwenye profaili yenyewe utafute namba ya mkupuo ile ile. Kama hazifanani, huna cheti. Una karatasi ya mzigo wa mtu mwingine.

Kwa bomba zenye uwazi ndani tunaongeza sharti. Bomba la namna hii halitoki kiwandani kama tambi inavyotoka kwenye kinu. Aluminiamu ya moto hugawanyika kupita kwenye miguu inayoshikilia kiini cha kati, kisha hujiunga tena kwa shinikizo. Kwa hiyo lina mishono ya ndani isiyoonekana kwa macho. Kiwanda kinatakiwa kuuthibitisha kila mkupuo, ama kwa kukata na kuchunguza sura ya ndani, ama kwa kusukuma koni ngumu mdomoni mwa bomba hadi lipanuke. Mshono usioshikana hupasuka kwa mstari mnyoofu.

Unene nao unaibiwa. Nenda dukani na mizani. Pembe ya milimita 50 kwa 50 yenye unene wa 5 ina uzito wa takriban kilo 1.28 kwa mita. Pau ya mita 5.8, urefu unaoingia kwenye kontena la futi 20, ni kama kilo 7.4. Ukipima ukapata kilo 6.3, umeuziwa unene wa milimita 4.2 kwa bei ya 5.

Sasa adhabu. Wapo waliobadilisha namba kwenye nakala ya cheti wakidhani ni jambo dogo. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kughushi hati kunaweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 7, na anayeiwasilisha akijua imeghushiwa huadhibiwa kama aliyeighushi. Kwa anayeagiza mwenyewe, profaili huingia forodhani chini ya kichwa cha ushuru 7604 na bamba chini ya 7606, msichanganye. Tamko la uongo, kwa kifungu cha 203 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, lina kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Simtishi mtu. Nimeona wafanyabiashara waaminifu wakiingia matatani kwa sababu wakala aliwajazia fomu nao hawakuisoma.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Leta mchoro na vyeti kabla ya kukata pau ya kwanza. Fundi anapokata, aandike tena namba ya mkupuo kwenye kila kipande, hata kile kifupi. Waya wa kuchomelea uwe 5183 au 5356. Ule wa 4043 usitumike kwenye 5083, mshono wake huwa mkavu na hupasuka. Boliti zisizoshika kutu zitenganishwe na aluminiamu kwa washa za nailoni. Na rangi ya chini yenye shaba, ile inayozuia chaza, isipakwe kabisa: shaba na aluminiamu zikikutana ndani ya maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na vitobo vyake huanza chini ya rangi bila mtu kuona.

Aliyekwisha kuunda kwa bomba za dirisha asifiche boti vichakani. Ailete. Kwa chombo kile cha mita 7 hatukuamuru kivunjwe. Mataruma yalitolewa, yakaingia ya 6082 yenye cheti, na bomba za zamani zilizokuwa nzima zikawa fremu ya turubai la kivuli, juu kabisa, mbali na maji.