Ukifika Namoratunga, usinyooshe jiwe

Wiki hii nimeulizwa tena, eti kwa nini zile nguzo za mawe za kale za Namoratunga pale Kalokol, Turkana, kaskazini mwa Kenya, tunaziacha zimeinama hivyo, si tuzisimamishe vizuri wageni wafurahi? Jamani hapana. Mimi kazi yangu ni akiolojia na hili swali linaniuma, acha nieleze.

Nguzo ni 19, za basalti, ziko kando ya barabara ya kutoka Lodwar kwenda Ziwa Turkana. Waturkana wanasimulia walikuwa watu wanacheza ngoma, wakamcheka pepo, wakageuka mawe palepale, ndo maana jina lenyewe ni "watu wa mawe". Sasa mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins waliandika kwamba nguzo zimeelekezwa kwenye nyota ambazo Waborana, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, wanazitumia kwa kalenda yao, halafu baadaye mtafiti mwingine, Soper, akaenda kupima upya akaona basalti yenyewe ina usumaku, inavuta sindano ya dira, kwa hiyo vipimo vya mwanzo haviaminiki. Ubishi wote huo ni wa digrii chache tu! Mtu akija na nia njema akasukuma nguzo moja ikae wima, ushahidi umekwisha, hakuna wa kuurudisha. Na dira ya simu yako nayo itayumba vilevile, usiitegemee hapo.

Halafu kuna yaliyo chini. Huko huko magharibi mwa ziwa, Lothagam North, penye nguzo za aina hii, utafiti uliotolewa 2018 ulionyesha wamezikwa watu wasiopungua 580, wanaume, wanawake, hadi vitoto vichanga, wafugaji wa kati ya miaka 5000 na 4300 iliyopita, wengi na shanga zao za mawe ya rangi. Ni makaburi haya. Kwa hiyo tembea kwa nje, usipande, usiegemee, na ukiona ushanga au kigae uache ulipo, sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya 2006 haikuruhusu kuondoka nacho.

Utaona vijiwe vimewekwa juu ya nguzo, hiyo ni desturi ya wenyeji, usiviangushe, na kama unataka kuweka chako waulize wazee kwanza, usikichomoe ndani ya duara la nguzo.

Nenda asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, au jioni, vivuli vya nguzo vikilala kuelekea ziwani, hapo ndo picha inatoka.