Uliacha popoo zamani? Bado njoo tukupime kinywa

Kila Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, Machi 20, inapokaribia, kitengo chetu cha patholojia ya kinywa (uchunguzi wa magonjwa ya kinywa) hapa Mombasa huulizwa swali hili kuliko mengine yote na waliokuwa wakitafuna popoo, ile kokwa ya kwenye tambuu: "Daktari, popoo niliacha zamani, mbona kinywa bado hakifunguki?" Ni swali la haki.

Ugonjwa wenyewe ni faibrosisi ya kinywa, na kwetu si mgeni. Mwaka 1952 daktari Schwartz aliueleza kwa wanawake watano wenye asili ya Kihindi waliokuwa wakiishi Kenya. Huanza kwa kuwashwa mtu akila pilipili, kisha mashavu ya ndani hupauka, yakawa magumu kama kamba, hata kupiga mluzi kukawa kazi. Arekolini, kemikali iliyomo kwenye popoo, huchochea chembe hai (seli) zinazotengeneza nyuzi za kolajeni, zinazoshikilia nyama ya mwili, na madini ya shaba ya popoo hiyohiyo husaidia nyuzi hizo kushikana zisiyeyuke.

Hilo ni kovu. Kinachotutia wasiwasi zaidi kimo ndani ya chembe. Tafiti za vipande vya vinywa vya wagonjwa zimeonyesha vibandiko vya metili, kemikali ndogo, juu ya jeni ya p16, ambayo kazi yake ni kuzuia chembe zisigawanyike ovyo. Herufi za jeni hazijabadilika hata moja, ila imetiwa komeo, haisomwi. Mabadiliko ya namna hii huitwa ya epijenetiki, na hutokea kabla ya saratani kuonekana. Chembe ikigawanyika, komeo hurithishwa kwa chembe changa. Ndiyo maana kuacha popoo leo hakufuti papo hapo yaliyoandikwa kwa miaka ishirini. Acha, tena acha leo, kwa sababu kila tonge linaongeza. Lakini usidhani umemalizana nalo.

Wapo wanaosema ni ugonjwa wa ukoo. Ukoo wanaoutaja hukaa baraza moja, ukala tambuu moja, yaani popoo iliyofungwa kwenye jani. Wengine hujitetea kwamba yao haina tumbaku. Tumeshachoka kulirudia hili: mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha uamuzi kwamba popoo yenyewe, bila tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu. Huko India, wagonjwa waliofuatiliwa kwa miaka 17, asilimia 7.6 walipata saratani ya kinywa. Wengi hawakupata, nasi hatumtishi mtu. Ila hatuna namna ya kumwambia mmoja mmoja kwamba wewe umo au humo.

Na asije mtu akakuuzia kipimo cha damu cha "jeni za popoo". Alama hizi bado ni za maabara za utafiti. Hazitumiki kuamua matibabu kliniki. Sisi twatumia rula. Tunapima kutoka meno ya mbele ya juu hadi ya chini, mara tatu, tunaandika kipimo kikubwa. Mtu mzima kwa kawaida hufikisha milimita 35 au zaidi. Palipo na doa jeupe, jekundu au kidonda cha zaidi ya wiki mbili, tunatia ganzi na kukata kinyama cha milimita chache, kinachoingia kwenye formalini ya asilimia 10, dawa ya kukihifadhi. Jina liandikwe kwenye chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Fomu ijazwe umri, sehemu iliyokatwa na miaka ya kutafuna. Fomu isiyo na miaka ya kutafuna tunairudisha.

Wauzaji nao wasikie: Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18 bidhaa yoyote ya tumbaku, iwe ya kuvuta au ya kutafuna. Adhabu ni faini, kifungo, au vyote viwili. Tambuu iliyotiwa tumbaku ni tumbaku, na kusema "nimetia kidogo tu" si utetezi.

Aliyeacha aje kila baada ya miezi sita, hata kama haumwi. Akija na kadi ya vipimo vya mwanzo itatusaidia. Rula ya leo haina maana bila ya ile ya mwaka jana.