Bunduki zilizosagwa Anniston hazijapandisha bei ya yako

Nakagua na kuthamini bunduki za kale za jeshi la Marekani, na kuna kauli moja ambayo wateja, Waswahili wenzangu na wenyeji wa huku Marekani, wananiletea bila kuchoka: "Serikali imeziharibu nyingi, kwa hiyo yangu ni mali." Wengi wanaoisema wameshamlipa muuzaji aliyewaimbia wimbo huohuo. Watu wanatia hasara pesa walizozitolea jasho, basi niieleze hapa kwa kirefu.

Dhana: kila bunduki ya jeshi inayoharibiwa inapandisha thamani ya zilizobaki

Uliza kwanza: je, ile iliyoharibiwa ingeweza kufika sokoni? Kama isingeweza, kuharibiwa kwake hakukupunguzii wala kukuongezea kitu.

Chukua M14, bunduki ya vita ya jeshi la Marekani, ambayo ndiyo inayotajwa kila mara. Jeshi liliipokea mwaka 1957, viwanda vikaacha kuitengeneza 1964, na kufikia hapo zilikuwa zimetoka takriban milioni 1.38. Miaka ya 1990 nyingi zilipelekwa bohari ya jeshi ya Anniston, jimbo la Alabama, zikatiwa kwenye mashine ya kusaga ambayo watu waliipa jina la Captain Crunch. Ziliingia bunduki, zikatoka vipande vya chuma chakavu. Inauma kwa yeyote anayejua kazi iliyomo ndani ya bunduki ile, nami inaniuma.

Lakini M14 iliundwa iweze kupiga mfululizo. Kwa sheria ya Marekani, risiva (mwili wa bunduki unaobeba vipuri vingine) iliyotengenezwa kwa ajili ya rashasha itabaki rashasha daima, hata uking'oa swichi, hata ukiichomelea isigeuke tena. Na tangu tarehe 19 Mei 1986 raia hawezi kusajiliwa rashasha mpya. Maana yake ni kwamba hata Anniston isingesaga M14 hata moja, wewe usingeuziwa. Zile ambazo raia wanaweza kuuziana kihalali ni chache mno, na idadi yao ilifungwa siku ile ya mwaka 1986. Bei yake ya kutisha inatokana na daftari la usajili kufungwa. Mashine ya Alabama haikuchangia hata senti.

Halafu kuna wanaoniletea M1A wakisema ni "M14 iliyosalimika". Hapana. M1A inatengenezwa na kampuni ya binafsi ya Geneseo, Illinois, inapiga moja moja, na iliundwa kwa ajili ya raia tangu mwanzo. Kampuni hiyo ina jina la Springfield Armory, ila si kile kiwanda cha serikali cha Springfield, Massachusetts, kilichofungwa 1968. Ni bunduki nzuri. Inunue kwa bei ya M1A.

Hasara ya kweli iko kwenye vipuri, na hapo ndipo wakusanyaji walipaswa kupiga kelele. Risiva ikikatwa kwa gesi na vilivyobaki vikauzwa, sheria imetimizwa na sisi tunapata bolti (kile chuma kinachosukuma risasi mtutuni na kuufunga), mitutu na vitako. Ikisagwa bunduki nzima, vyote vinakwenda. M1A nyingi za mwanzo zilifungwa vipuri vya jeshi. Mwenye nayo leo akitaka bolti ya kubadilisha ya TRW, mojawapo ya kampuni zilizoliundia jeshi M14, atatafuta sana na atalipa sana. Ndiyo maana mteja wangu akiniuliza anunue bunduki gani ya pili, namjibu anunue kwanza vipuri vya ile ya kwanza. Jeshi lenyewe lilikuja kuzihitaji: vita vya Afghanistan na Iraq vilipohitaji bunduki ya kupiga mbali, M14 zilizosalia zilitolewa tena ghalani.

Dhana: serikali inaharibu zote

Siyo. M1 Garand, bunduki ya jeshi la Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, inapiga moja moja, kwa hiyo sheria ya rashasha haiigusi. Shirika la CMP (Civilian Marksmanship Program), linalofundisha raia kulenga shabaha na ambalo tangu 1996 linajitegemea nje ya jeshi, linaziuza kwa raia. Mwaka 2018 lilipokea makumi ya maelfu ya Garand zilizorudi kutoka Ufilipino na Uturuki, na mwaka huohuo likaanza kuuza bastola za jeshi za modeli ya M1911 kwa kura. Bunduki za namna hii ndizo ambazo wingi na uchache wake unagusa bei yako. Ila CMP inamuuzia raia wa Marekani mwenye uanachama wa klabu inayotambuliwa, kwa hiyo wenye kibali cha ukaazi tu wasijisumbue kujaza fomu.

Dhana: ni yaleyale ya Ngong

Tarehe 15 Novemba 2016 Kenya iliteketeza silaha 5,250 pale Ngong, na bado natumiwa picha zile na swali la bei. Zile zilikuwa silaha haramu, zilizonaswa au kusalimishwa, na Itifaki ya Nairobi ya 2004 inataka silaha kama hizo zisirudi mitaani. Hazikuwa ziada ya jeshi iliyokuwa ikingoja mnunuzi.

Dhana: iliyokatwa imekwisha

Laiti ingekuwa hivyo. Risiva za Garand zilikatwa nusu kwa nusu zikauzwa kama chuma chakavu, na miaka ya 1950 na 1960 wajanja walizinunua, wakaunga nusu ya mbele ya moja na nusu ya nyuma ya nyingine. Bado zinazunguka minadani zikiwa zimepakwa rangi safi.

Hakikisha bunduki haina risasi, kisha vuta bolti nyuma hadi ikae. Tazama ubavu wa kulia wa risiva, juu kidogo ya mbao, utaona namba ya mchoro. Garand za kile kiwanda cha serikali cha Springfield za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zina D28291, na za miaka ya 1950 zina 6528291. Sasa soma namba ya bunduki yenyewe, inayoonyesha ilitengenezwa lini, kule kisiginoni nyuma ya bolti. Kisigino kikisema wakati wa vita na ubavu ukisema miaka ya 1950, umeshika nusu za bunduki mbili. Zikilingana, usiridhike bado: itoe kwenye kitako, iweke kwenye mwanga wa jua, utafute mstari wa rangi tofauti unaokatiza katikati ya risiva. Pale alipochomelea fundi, chuma hakishiki rangi sawa na kwingine.

Ukiuona mstari huo, mrudishie mwenyewe na usianze hata kupatana bei. Mimi hizo sizithamini kwa kiasi chochote, wala siruhusu zipigwe risasi mbele yangu.