Katikati ya mji hapafufuliwi kwa ghorofa: dhana potofu tunazozirudia Iringa na Mbeya

Dhana: Jengo jipya la soko litarudisha wateja.

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayokula fedha nyingi. Soko la Mwanjelwa, Mbeya, liliungua mwaka 2006, na jengo lililokuja baadaye lilijengwa kwa mkopo wa benki. Mkopo wa namna hiyo mwisho wake hulipwa na mwenye kizimba. Kodi ikipanda kuliko mauzo, mfanyabiashara anarudi barabarani na fremu zinabaki na makufuli. Dar es Salaam nako, jengo la Machinga Complex pale Ilala lilikamilika mwaka 2010, na vizimba vyake vilikaa miaka mingi bila watu wakati Kariakoo pakifurika.

Sababu inaonekana kwa macho. Mnunuzi wa soksi au nyanya hapandi ghorofa kuzitafuta. Ananunua akiwa njiani, anatoka kazini, anakwenda kupanda daladala. Kwa hiyo kabla ya kuchora jengo, manispaa ihesabu wapita njia: wanatoka wapi, wanapita wapi, saa ngapi. Stendi ikihamishwa nje ya mji, njia hiyo nayo inahama, na maduka yaliyokuwa yakiishi kwa abiria yanapungukiwa wateja hata kama yamepakwa rangi mpya.

Dhana: Magari yakizuiwa kuegesha mbele ya maduka, biashara itakufa.

Nimeisikia hii kwa wenye maduka wengi, na hofu yao naielewa. Lakini huko Bristol, Uingereza, walifanya jambo jema: waliwauliza wenye maduka, kisha wakawauliza wateja wenyewe. Wenye maduka walidhani wateja 41 katika kila 100 huja kwa gari. Kumbe walikuwa 22. Copenhagen nako wafanyabiashara walipinga mtaa wa Strøget kufungwa kwa magari mwaka 1962, na leo huo ni miongoni mwa mitaa ya maduka yenye watu wengi zaidi Ulaya.

Ikiwa hali ni hiyo kwenye nchi zenye magari mengi namna ile, sisi je? Wanaoingia Soko Kuu la Iringa walio wengi wanashuka kwenye daladala au bajaji, au wametembea. Gari lililoegeshwa mlangoni tangu asubuhi mara nyingi si la mteja, ni la mwenye duka. Malori ya viazi na mahindi ni jambo jingine: hayo lazima yaingie, ila yapangiwe saa za alfajiri, yashushe na kuondoka kabla watu hawajajaa.

Dhana: Machinga na mama lishe wakiondolewa, mji utapendeza.

Utakuwa mtupu, na mtaa mtupu hauvutii mnunuzi. Pale Warwick Junction, Durban, kuanzia miaka ya 1990 jiji lilikaa na wachuuzi badala ya kuwafukuza. Wakapewa meza, paa, maji na sehemu za kuhifadhi mizigo usiku. Wauza dawa za asili walipata soko juu ya daraja la barabara ambalo halikuwa likitumika. Njia ya waenda kwa miguu lazima ibaki wazi, hapo sina ubishi. Lakini kuchora mstari na kuusimamia kila siku ni kazi ya mpangilio, haihitaji mgambo kubomoa meza.

Tena tuseme kweli: maduka makubwa nayo hutandaza ndoo na magodoro kwenye kibaraza cha wapita njia, na hakuna anayewaita wachafuzi.

Dhana: Viti, miti na vyoo ni anasa.

Mfikirie mama aliyetoka Kilolo na basi la asubuhi, mtoto mgongoni. Akikosa choo safi, kivuli, na pa kukaa akisubiri basi la kurudi, atanunua alichofuata na kuondoka. Akivipata, atazunguka, atakula kwa mama lishe, atapima viatu vya mtoto. Huku Nyanda za Juu mvua hunyesha Novemba hadi Aprili. Mtaro ulioziba na mtaa usio na pa kujikinga vinafukuza wateja nusu mwaka. Taa nazo zinaongeza saa za biashara, hasa kwa wanawake wanaofunga mapema kwa kuogopa njia ya giza.

Iringa tuna bahati ambayo hatujaitumia vya kutosha. Boma la Mjerumani limekuwa makumbusho tangu 2016, na sokoni kuna vikapu vya milulu ambavyo wageni huvifuata. Kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo wa miguu. Vibao vya kuelekeza na njia nzuri ya waenda kwa miguu vingetosha kumvuta mgeni apite mbele ya maduka yote ya katikati.

Ila choo kikijengwa bila fungu la maji na mfagiaji, baada ya muda kitafungwa. Mradi ukiletwa kwenye mkutano wa mtaa, swali la kwanza liwe hilo: nani atalipa usafi baada ya mkandarasi kuondoka?