Bernard Lewis hakuwa mgeni wa historia ya Uislamu

Baada ya swala ya Ijumaa, nje ya Msikiti wa Jamia hapa Nairobi, utasikia watu wakisema Bernard Lewis aliandika juu ya Waislamu bila kuwajua. Si kweli. Mwanahistoria huyo mzaliwa wa London (1916–2018) alisoma Kiarabu, Kituruki na Kiajemi, na alikuwa miongoni mwa watafiti wa kwanza wa Magharibi kuruhusiwa kupekua nyaraka za Dola ya Uthmaniya kule Istanbul.

La kumlaumu liko kwingine, kwenye magazeti. Agosti 2006, katika Wall Street Journal, alidokeza kuwa huenda Iran ingefanya jambo la maangamizi tarehe 22 mwezi huo, kwa kuwa iliangukia 27 Rajabu, usiku wa Miraji. Siku ikapita salama. Hapo hakuwa na waraka wowote mkononi. Alikuwa na jina kubwa, na jina hilo lilisikilizwa hadi Ikulu ya Marekani. Msomi anayehutubia umma hana ruhusa ya kuacha ushahidi maktabani, na sisi wasomaji tuna haki ya kumdai.

Edward Said, msomi Mmarekani mwenye asili ya Palestina, alimshambulia vikali mwaka 1978 katika kitabu chake Orientalism, lakini kwa kunukuu maandishi ya Lewis mwenyewe.