Judo inachukua muda gani mpaka uive? Acha kuhesabu miaka

Mtu akiingia dojo, yaani ukumbi wa mazoezi ya judo, hata viatu hajavua, swali la kwanza ni "sensei, mpaka nipate mkanda mweusi ni muda gani?" Wazazi nao hivyohivyo, ila wao wanaunganisha na swali la ada. Jibu langu la fasta ni miaka minne mpaka sita kwa mtu mzima anayekuja mara mbili kwa wiki. Ni jibu la kweli kabisa, afu halikusaidii chochote, ngoja nieleze.

Japani kwenyewe, ambako Jigoro Kano alianzisha judo mwaka 1882, mkanda mweusi wa dan ya kwanza (dan ndo madaraja ya mkanda mweusi) ni kitu cha kawaida sana, mwanafunzi wa sekondari anaupata ndani ya mwaka mmoja au miwili na wala hapigiwi vigelegele, wanachoangalia ni awe ametimiza miaka 14 na ajue anachofanya. Ulaya mtu anausotea miaka mitano. Sasa ni kwamba Wajapani wanaigawa mikanda bure? Hapana bana, tupige hesabu.

Dojo zetu nyingi ni jioni mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila jioni. Toa kupasha mwili, toa mazoezi ya kuanguka, toa muda wa mwalimu kuongea (na tunaongea kweli), toa uchikomi, yaani kule kuingia kwenye mtupo na kutoka bila kumwangusha mwenzio, mwisho wa siku zinabaki kama dakika 20 za randori, ambayo ndo kupambana kwa uhuru na mtu asiyetaka kuanguka. Dakika 20, mara mbili kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka manake kuna Ramadhani, kuna masika, kuna misiba na mafua na safari za kikazi, unapata saa 27 hivi. Mwaka mzima! Hiyo ni siku moja na ushee. Mwanafunzi wa chuo kule Japani aliye kwenye klabu ya judo yuko kwenye tatami, ile mikeka ya mazoezi, karibu kila siku, mpe siku sita kwa wiki na randori ya saa moja tu, hizo saa 27 anazimaliza ndani ya wiki tano. Kwa hiyo mtu akiniambia "nina miaka mitatu ya judo" bado hajaniambia kitu, mimi nataka kujua randori kiasi gani, na alikuwa anacheza na nani.

Hiyo ya na nani watu wanaichukulia poa sana. Dojo ndogo ina watu nane tisa, wawili ndo wa uzito wako, unacheza nao mwaka mzima mpaka unajua Juma akianza kupumua kwa mdomo anataka kuja na mguu wa kushoto. Unamjua Juma, judo bado hujaijua. Siku ukienda mashindano unakutana na mtu anashika kwa mkono wa kushoto, kila kitu kinageuka na hujui hata pa kuweka mguu. Tembeleeni dojo za wenzenu jamani, kama uko Dar vuka hata uende Zanzibar, huko judo ipo siku nyingi.

Haya, kwa hizo saa chache ulizonazo unatakiwa utarajie nini?

Miezi mitatu ya mwanzo ni kuanguka. Kidevu kifuani, mkono upige mkeka kwa kiganja na kigasha chote, pumzi itoke. Inaboa, najua, na wengi wanaacha hapahapa. Lakini mtu anayeogopa kuanguka anakaza mikono kama vyuma, anainama, macho yote kwenye miguu, na mtu wa hivyo hata umfundishe mitupo mia hatajifunza hata mmoja, kwa sababu kila ukimsogelea anawaza mgongo wake. Hofu ikiisha ndo masomo yanaanza.

Kinachokula muda kuliko vyote sasa ni hiki. Chukua ippon seoi nage, ule mtupo wa kupitisha mkono chini ya kwapa la mwenzio na kumpitisha juu ya bega lako. Umbo lake nakufundisha jioni moja na utapiga picha nzuri tu. Ila mgeni karibu wote wanakosea palepale, wanageuka kwanza afu ndo wanavuta, matokeo yake mtu bado kasimama imara kwa miguu yote miwili na wewe umeshampa mgongo, anakukaba shingo kwa raha zake. Inatakiwa mkono wako ulioshika mkono wa gi yake, yaani nguo ya judo, uvute kwanza, juu na mbele kidogo, mpaka uzito wake uhamie kwenye vidole vya miguu. Ukichungulia chini utaona kisigino kimenyanyuka kidogo tu, nafasi ya kupitisha karatasi. Hiyo ndo kuzushi, kumtoa mtu kwenye mizani yake. Na ikija inakaa chini ya sekunde moja, macho hayaiwahi, inabidi mikono ndo iisikie kupitia nguo. Mikono kuanza kusikia ni miaka miwili mitatu kwa ratiba zetu, na hakuna njia ya mkato ninayoijua.

Kodokan, makao makuu ya judo kule Tokyo, wana orodha rasmi ya mitupo 68 na mbinu 32 za chini (kubana, kukaba na kukunja viungo), jumla 100, na vijana wanataka kuzikusanya zote. Tulia. Mjapani Toshihiko Koga alikuwa na seoi nage yake, dunia nzima inajua inakuja na bado inawapata, akachukua dhahabu ya Olimpiki Barcelona 1992 akiwa na goti bovu. Mmoja au miwili inakutosha miaka mitano ya kwanza.

Kuna wanaonitolea mfano wa BJ Penn, aliyepata mkanda mweusi wa jiu-jitsu ya Brazili kwa miaka mitatu na ushee wakati wengine inawachukua kama 10, na mwaka 2000 akawa wa kwanza asiye Mbrazili kuwa bingwa wa dunia wa mkanda mweusi. Kweli ana kipaji. Ila alikuwa kijana mdogo na jiu-jitsu ndo ilikuwa shughuli yake, rudi kwenye hesabu yetu ya saa utaona haikuwa uchawi.

Na swali la kujilinda mtaani, mwenzako asiyejua kitu, wa uzito wako, akikukunja shati, miezi sita mpaka mwaka ya randori ya kweli inatosha kumweka chini. Mwenye kisu unakimbia, hata ukiwa na dan tano.

Wenye miaka 40 na kuendelea mnaoniuliza inbox kama mmechelewa, njooni. Mwili wenu unapona polepole, kwa hiyo mara mbili kwa wiki inatosha, vijana wa miaka 20 wanaotaka kuonyesha ubabe wakwepeni bila aibu, na wekeni nguvu kwenye mbinu za chini manake pale uzoefu na utulivu vinafidia kasi. Mkanda utachukua labda miaka saba. Kata kucha za mikono na miguu kabla ya kuja, gi tutakuazima.