Uwili wa ujazo na ukuta: maana yake nini?

Kipande cha chuma chenye usumaku kina sehemu ambamo atomi zimeelekea upande mmoja, na sehemu jirani ambamo zimeelekea kwingine. Baina yao kuna tabaka jembamba ambamo mwelekeo hugeuka hatua kwa hatua. Tabaka hilo ni ukuta wa domeni.

Katika nadharia za geji (zinazoeleza nguvu za msingi, kama ya umeme na sumaku) zenye supasimetria, yaani ulinganifu unaooanisha chembe za maada na chembe zinazobeba nguvu, kinachobadilika kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine ni ombwe lenyewe, yaani hali yenye nishati ya chini kabisa. Nadharia rahisi zaidi ya aina hiyo, ya kundi la ulinganifu SU(N), ambamo N ni namba nzima, isiyo na kwaki (chembe zinazounda protoni), ina maombwe N yenye nishati sawa. Penye ombwe moja huku na jingine kule, lazima pawe na ukuta katikati. Nafasi yote iliyo nje ya ukuta ndiyo ujazo.

Uwili ni pale tukio moja linaposimuliwa kwa lugha mbili, ya ujazo na ya ukuta, na hesabu zikakubaliana. Mfano ninaoupenda ni ule walioushughulikia wanafizikia Mikhail Shifman na Alexei Yung miaka ya 2000. Ujazo wao unafanana na supakondakta: uga wa sumaku hauruhusiwi kutawanyika, hivyo hubanwa ukawa mrija mwembamba. Mrija ukifika ukutani, mambo hubadilika, kwa sababu ndani ya ukuta ile hali inayoubana uga karibu inatoweka. Uga unafunguka na kusambaa pande zote ndani ya tabaka. Chora duara kuzunguka mahali mrija ulipogusa: uga uleule unavuka mzingo wa 2πr, kwa hiyo nguvu yake inapungua kama 1/r. Hivyo ndivyo unavyopungua uga wa umeme wa chaji moja katika ulimwengu wa vipimo viwili!

Kwa mkaazi wa ukutani, basi, ncha ya mrija ni chembe yenye chaji ya umeme, na ukuta una fotoni yake, yaani chembe inayobeba nguvu ya umeme. Sumaku ya ujazo inasomeka kuwa umeme wa ukuta. Hata ukuta wenyewe hupinda pale unapovutwa na mrija, na upindo huo hufuata logariti ya umbali.

Supasimetria inasaidia nini hapa? Kuta zinazohusika huhifadhi nusu ya supasimetria, na hivyo mkazo wao, yaani nishati kwa kila eneo la ukuta, huamuliwa na maombwe ya pande mbili tu, bila kujali undani wa tabaka.

Kwa nadharia ile rahisi ya SU(N), mwaka 2001 wanafizikia Bobby Acharya na Cumrun Vafa walipendekeza kwamba ukuta unaoruka maombwe k hubeba ndani yake nadharia ya geji ya kundi U(k), yenye kijenzi cha Chern–Simons (sehemu ya ziada ya mlinganyo inayowezekana katika ukuta) cha kiwango N. Wakahesabu kuta hizo: N!/(k!(N−k)!). Kwa N=5 na k=2 zinapatikana 10, na kwa k=3 pia 10. Si ajabu, kwani maombwe yamepangika kwa duara: kuruka mawili kwenda mbele ni sawa na kuruka matatu kurudi nyuma.